Mkusanyiko wa gemu za zamani: jinsi ya kuchagua, kukagua na kutunza diski zako ukiwa Uganda

Capcom Classics Collection iliyotoka mwaka 2005 kwa PS2 na Xbox imebeba gemu 22 kwenye diski moja. Ukitaka kuzipata hizo 22 katika umbo lake la asili, utakuwa unasaka bodi za mashine za kutumbukiza sarafu, makabati ya kuziwashia, na nauli ya kuvileta vyote hadi Kampala. Ndiyo maana mikusanyiko hii inapendwa na watu wenye chumba kimoja na mfuko wa kawaida.

Tatizo ni kwamba wengi hununua kwa kutazama ile namba kubwa kwenye kava. Namba haina maana. Unachonunua ni matoleo: gemu gani imo, imetoka kwenye mashine ipi, kimekatwa nini, na je, vyote vimo ndani ya diski au nusu yake inasubiri intaneti. Mwongozo huu unamhusu anayetafuta diski halisi, iwe soko la Owino au jengo la maduka la Mutaasa Kafeero mjini Kampala, kwa muuzaji wa mtandaoni, au kwenye mzigo uliokuja na basi la Nairobi kupitia Busia.

Kwa nini diski, si kaseti wala kupakua

Kaseti nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zinazohifadhi mchezo zina betri ndogo ndani, na betri hizo zinakufa. Ikifa, mchezo uliohifadhi umekwenda, na kubadilisha betri ni kazi ya kuchomelea risasi ambayo fundi mbovu huimaliza kwa kuunguza bodi. Mkusanyiko hauna shida hiyo. Pia unakupa gemu ambazo kaseti zake zimepanda bei kupita kiasi. DuckTales 2 na Chip 'n Dale Rescue Rangers 2, zote za miaka ya mwisho ya NES (mashine ya zamani ya Nintendo), zilitengenezwa chache mno, na mkusanyaji wa Marekani hulipia kaseti moja pesa ya kununulia mashine nzima. Zote mbili zimo kwenye The Disney Afternoon Collection ya 2017.

Ila hapo pana mtego. Mkusanyiko huo mwaka 2017 ulitoka kwa kupakuliwa tu, na PlayStation Store haijafungua huduma rasmi kwa Uganda. Watu hufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine, hununua kadi za pesa za nchi hiyo kwa bei ya juu, halafu hupakua gigabaiti kwa bando. Na gemu ikiondolewa dukani, mwenye diski ndiye anayebaki nayo bila kuomba ruhusa. Metal Gear Solid 2 na 3 za HD ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni Novemba 2021 kwa sababu ya leseni za picha za kihistoria zilizotumika ndani yake. Metal Gear Solid HD Collection ya PS3 iliyokuwa kabatini haikuguswa na mtu.

Super Mario 3D All-Stars ya Switch, mashine ya Nintendo inayotumia kadi badala ya diski, ilikwenda mbali zaidi: ilianza kuuzwa 18 Septemba 2020, na Nintendo wenyewe wakasitisha mauzo 31 Machi 2021, kadi na ya kupakua pia. Iliyobaki ni ya mkononi kwa watu, na wanaojua hilo huiuza kwa bei ya kujua.

Soma orodha, acha idadi

Sonic ni mfano unaotosha kufundisha somo zima. Sonic Mega Collection ilitoka kwa GameCube mwaka 2002, ikafuatwa mwaka 2004 na Sonic Mega Collection Plus ya PS2 na Xbox, iliyoongezewa gemu za Game Gear, mashine ya mkononi ya Sega. Humo Sonic 3 inaungana na Sonic & Knuckles kama kaseti zilivyokuwa zikipandana, na muziki ni wa asili. Baadhi ya gemu zimefungwa. Hufunguka baada ya kuwasha nyingine mara kadhaa, kwa hiyo bila memori kadi utaanza upya kila siku. Sonic CD haimo. Iko kwenye Sonic Gems Collection ya 2005, na hapa sisi wa mashine za PAL, yaani za ukanda wa Ulaya, tuna bahati: Gems ya PS2 ilitoka Japani na Ulaya, Marekani hawakuipata isipokuwa ya GameCube.

Mwaka 2009 ikaja Sega Mega Drive Ultimate Collection ya PS3 na Xbox 360, gemu zaidi ya 40. Sonic 3 imo, Sonic & Knuckles imo, lakini haziungani. Sega Mega Drive Classics ya 2018 ina gemu 50 na ushei, na Sonic 3 haimo kabisa. Sonic Origins ya 2022 imeirudisha kwa picha pana ya kisasa, ila muziki wa hatua za IceCap, Carnival Night na Launch Base umebadilishwa. Kwa hiyo anayetaka Sonic 3 nzima, iliyoungana, yenye muziki wake wa mwaka 1994, hana haja ya mpya: Mega Collection Plus ya PS2 inamtosha.

Fanya uchunguzi wa namna hiyo kwa kila jina kabla ya kutoa pesa. Mambo matatu hubadilika sana.

La kwanza ni chanzo: gemu ni ya mashine ya sarafu au ya nyumbani? Tekken 5 ya PS2, ambayo ni rahisi kuipata kuliko mikusanyiko mingi, ina Tekken 1, 2 na 3 ndani yake, na muuzaji asiyejua huiuza kama gemu moja. Inafaa kununuliwa. Lakini Tekken 3 iliyomo ni ya mashine ya sarafu, kwa hiyo wapiganaji Gon na Dr. Bosconovitch hawamo, wala sehemu ya ziada ya Tekken Force. Anayewataka hao atafute diski ya PS1. Vivyo hivyo Street Fighter 30th Anniversary Collection ya 2018: gemu zake 12 zote ni za mashine za sarafu, na Street Fighter Alpha 3 iliyomo haina sehemu ya World Tour iliyokuwa kwenye PS1.

La pili ni mfumo. Taito Legends 2 ya PS2 na ya Xbox hazina orodha ile ile ya gemu. Mega Man Anniversary Collection ya GameCube imebadilishana vitufe vya kuruka na kupiga, na hakuna mahali pa kuvirekebisha. Ya PS2 haina kasoro hiyo. Mwenye kumbukumbu ya vidole vya NES atajirusha shimoni na ya GameCube mpaka achoke.

La tatu ni namba ya toleo. Mashabiki wa Mortal Kombat huchukua Midway Arcade Treasures ya 2003 kwa kuona jina Midway, kampuni iliyoitengeneza, wakafika nyumbani na gemu 24 zisizo na Mortal Kombat hata moja. Mortal Kombat II na 3 zimo kwenye Midway Arcade Treasures 2 ya 2004.

Kuhusu bei, gawanya kwa gemu unazozitaka, usigawanye kwa zote. Tuseme diski yenye gemu 28 inauzwa shilingi 120,000 na wewe utacheza nne tu: umelipa 30,000 kwa kila moja. Diski ya 60,000 yenye gemu sita ambazo zote unazitaka ni nafuu, ingawa kava lake halijigambi. Ukiagiza kutoka ng'ambo, ongeza kwenye hesabu VAT ya asilimia 18 na ushuru mwingine wa forodha kabla hujasema umepata bei ya kutupa.

Ukanda na umeme

Mashine nyingi za PS2 zilizoko kwetu ni za PAL, na PS1 na PS2 hukataa diski ya ukanda mwingine. Tazama kodi, yaani herufi na namba za utambulisho, iliyochapwa kwenye diski na ubavuni mwa kava. SLES au SCES ni PAL. SLUS au SCUS ni Marekani. SLPS, SLPM au SCPS ni Japani. Alama ya umri nayo hukusaidia ukiwa mbali: PEGI ni Ulaya, ESRB ni Marekani, CERO ni Japani. Kisha pindua PS2 usome namba ya modeli: inayoishia 04 ni ya Ulaya, 03 ya Uingereza, 01 ya Marekani, 00 ya Japani. SCPH-77004 yenye diski ya SLUS itakuonyesha skrini nyekundu ya kukataa, isipokuwa iwe imewekwa chipu ya kuondoa kizuizi hicho.

Hili linakuhusu zaidi kama unapenda Mega Man, kwa sababu Anniversary Collection ya 2004 na Mega Man X Collection ya 2006 zilitoka Amerika Kaskazini tu. Ukiziona Kampala, zimeletwa na mtu kwenye begi. PS3 na PS4 hazibagui diski za gemu kwa ukanda, Switch wala PSP pia. GameCube, Wii na Xbox ya kwanza zinabagua. Kwa Xbox 360 inategemea gemu yenyewe, kwa hiyo uliza au jaribu.

Kuna na suala la kasi. Diski nyingi za PAL za PS1 huenda kwa 50 Hz (picha 50 kwa sekunde) badala ya 60, na gemu isiyorekebishwa vizuri hupungua kasi karibu asilimia 17. Muziki unavutika, kuruka kunachelewa. Kwenye menyu ya diski za PS2 tafuta chaguo la 60 Hz kabla ya kulaumu padi. PlayStation Classic ya 2018, ile ndogo ya gemu 20, ilipata sifa mbaya kwa hili hili: tisa kati ya gemu zake ni za PAL, Tekken 3 ikiwemo.

Umeme wetu ni 240V. PS2 nene ya Marekani ni ya 120V. Ukiichomeka moja kwa moja, pawasaplai inaungua papo hapo, na mara nyingine haiishii kwenye fyuzi. Soma lebo ya mashine au ya adapta. Ikiandikwa 100–240V, badilisha plagi tu. Ikiandikwa 120V, tumia transfoma ya kushusha umeme ya wati 150 au zaidi. PS2 nyembamba za SCPH-70000 hadi 79000 zina adapta ya nje, kwa hiyo unaweza kununua adapta nyingine ya 8.5V; SCPH-90000 ina pawasaplai ndani na haikupi nafasi hiyo.

Je, gemu zote zimo ndani?

Kwa PS1, PS2, GameCube na Xbox ya kwanza, jibu ni ndiyo. Kuanzia PS4 na Switch, uliza.

Mega Man Legacy Collection 1 + 2 ya Switch iliyouzwa Marekani ina kadi yenye sehemu ya kwanza peke yake. Ya pili ni karatasi yenye kodi ya kupakua, na kodi hutumika mara moja. Ukinunua iliyokwisha kutumiwa na mtu, karatasi hiyo ni takataka. Mega Man X Legacy Collection 1 + 2 ya Switch iko vivyo hivyo. Nunua za PS4 ukitaka kulala usingizi. Spyro Reignited Trilogy ya PS4, ingawa ni gemu zilizotengenezwa upya, inafaa kutajwa kwa kuwa imewaumiza wengi: toleo la 2018 lilikuja na diski isiyokuwa na gemu zote tatu, sehemu kubwa lazima ipakuliwe.

Kwenye kava la Switch tafuta maandishi «Download required» upande wa mbele, na kwenye PS4 soma maandishi madogo ya nyuma kuhusu nafasi na intaneti. Njia ya uhakika ni kuijaribu: zima intaneti ya mashine, weka diski, sakinisha, fungua kila gemu. Kisichofunguka hakimo.

Ukifika dukani

Beba tochi ya simu, kitambaa laini cha miwani, na ukiweza, memori kadi yako. Kisha fuata mpangilio huu.

1. Geuza diski. PS1 halisi ina upande wa chini mweusi. PS2 ya CD ni buluu nzito, PS2 ya DVD ni ya fedha. Rangi ya zambarau au ya kijani inayopenya mwanga ni diski ya kuchoma. Tahadhari, CD tupu nyeusi nazo zipo, kwa hiyo weusi peke yake si ushahidi.

2. Soma pete ya ndani chini ya mwanga. Diski iliyopigwa chapa kiwandani ina kodi mbili za IFPI, alama za kutambulisha kiwanda: moja kwenye pete inayong'aa kama kioo, nyingine kwenye plastiki angavu karibu na tundu. Linganisha pia kodi ya SLES kwenye diski na ya kwenye kava. Wauzaji huchanganya makava, mara nyingi bila nia mbaya.

3. Inua diski kuelekea taa uitazame kutoka upande wa chini. Vitundu vya mwanga ni mahali ambapo tabaka la fedha limetoka. Kwenye CD tabaka hilo liko mara tu chini ya chapa ya juu, kwa hiyo mkwaruzo wa juu ni hatari kuliko wa chini. Hauponi. Kwenye DVD tabaka liko katikati ya vipande viwili vya plastiki vya milimita 0.6, kwa hiyo mikwaruzo ya juu si tatizo kubwa, lakini angalia nyufa zinazoanzia kwenye tundu.

4. Tofautisha mikwaruzo ya chini. Inayokata kutoka katikati kwenda nje mashine huivumilia. Inayozunguka ikifuata duara hufuta data mfululizo, na urekebishaji wa makosa hauwezi kuifidia.

5. Iwashe. Menyu kufunguka hakuthibitishi kitu, kwa sababu gemu za zamani ni ndogo na hupakiwa zote kwenye kumbukumbu kwa sekunde chache. Fungua gemu ya kwanza kwenye orodha, ya katikati na ya mwisho. Halafu fungua video au matunzio ya picha, maana hizo ndizo zinazosoma diski bila kupumzika, na ndiko diski mbovu hukwama.

Muuzaji akikataa kuwasha, hiyo ni bei ya diski isiyojaribiwa. Punguza nusu au ondoka. Ukitumiwa mzigo kutoka Arua au Mbarara kwa basi, omba video ya hatua ya pili na ya tano kabla ya kutuma pesa ya simu, na mwambie afunge diski ndani ya kava lenye meno mazima. Diski ikichomoka kwenye meno yake, itajisugua njia nzima, na boda ya mwisho itamalizia.

Vitu vinavyojiita mikusanyiko

Kaseti ya njano iliyoandikwa 9999999 in 1 ina gemu chache. Menyu inarudia zile zile kwa kuanzia hatua tofauti au kwa majina ya kubuni. Ina ladha yake, na wapo wanaozikusanya kwa sababu ya picha zake za ajabu, lakini inunue kwa bei ya kitu cha kuchekesha.

Kisanduku cha «620» kinachofanana na NES Classic Mini ni nakala. NES Mini halisi ya 2016 ina gemu 30 na hutoa picha kwa HDMI. Nakala za 620 ambazo ni za kawaida zaidi zina waya za AV na padi zenye plagi pana ya pini tisa. SNES Mini ya 2017 ina gemu 21, ikiwemo Star Fox 2 iliyokamilika miaka ya 1990 bila kuuzwa. Faida moja ya mini halisi ambayo haisemwi vya kutosha: zinatumia 5V ya USB. Umeme ukikatika, pawa benki na televisheni ya 12V ya sola vinatosha kuendelea.

Vijiti vya HDMI vyenye «gemu 10,000» vina kadi ya SD ya bei ya chini, na hiyo kadi ndiyo hufa kwanza. Dalili ni menyu inayofunguka bila picha, kisha gemu zinazorudi kwenye orodha. Nyingine ni sauti kuchelewa na padi kuchelewa, ambazo haziponi. Gemu zilizomo zimenakiliwa bila idhini ya wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 inalinda programu za kompyuta pia. Kwa mkusanyaji hazina thamani ya kuuza tena.

Mashine inayoharibu diski

Usijaribu diski ya bei kwenye PS2 usiyoijua. PS2 nyembamba za mwanzo zina utepe wa lenzi unaoweza kuinuka ukagusa diski inayozunguka, na huo ndio unaochora yale maduara. Anza na diski usiyoijali, iache izunguke dakika kumi, itoe uikague. Ikiwa na duara jipya, fundi afungue na kuulaza utepe.

Lenzi ya PS2 ina miale miwili, wa nanomita 780 kwa CD na wa 650 kwa DVD, na mmoja unaweza kuchoka kabla ya mwingine. Mashine inayosoma DVD za fedha vizuri huku ikikataa diski za buluu na za PS1 haina ugonjwa wa diski. Kabla ya kununua mashine, ijaribu kwa aina zote mbili. Fundi akianza kwa kuongeza nguvu ya leza, mzuie: itasoma kwa muda, kisha lenzi itakufa mapema. Aanze kwa kusafisha lenzi na kulainisha reli zake, ikishindikana abadilishe lenzi.

Memori kadi ya PS2 ya Sony ni ya megabaiti 8. Za 64 na 128 zisizo na jina hupoteza data, tena mara nyingi zote kwa mkupuo. Mikusanyiko ya Namco Museum ya PS1 inahitaji memori kadi ya PS1 hata ukiicheza kwenye PS2; kadi ya PS2 haihifadhi gemu za PS1 moja kwa moja. Na ukikusanya hizo Namco Museum, tafuta Vol. 1 hadi 5 za ukanda mmoja: herufi kwenye makava, ukizipanga, zinasomeka NAMCO, na seti yenye kava la ukanda tofauti humkera mwenyewe kila akipita.

Ukitaka kupumzisha diski, programu ya Free McBoot kwenye memori kadi hukuwezesha kucheza nakala ya diski yako mwenyewe kutoka kwenye flashi. Haifanyi kazi kwenye SCPH-90000 za mwisho, zenye kodi ya tarehe 8C na kuendelea. USB ya PS2 ni ya kizamani, megabiti 12 kwa sekunde, kwa hiyo gemu zenyewe zitakwenda sawa lakini video za mahojiano zilizomo kwenye baadhi ya mikusanyiko zitakatikakatika. Si kosa la nakala.

Kusafisha na kuhifadhi

Futa kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe. Alama za vidole hutoka kwa maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kisha suuza na ukaushe kwa kugusa. Ukungu unahitaji spiriti. Spiriti nyingine za dukani zimetiwa mafuta. Dondosha tone kwenye kioo, likikauka bila kuacha doa itumie. Dawa ya meno iache bafuni: inatoa mkwaruzo mmoja na kuacha ukungu wa mikwaruzo midogo mia. Mashine ya kung'arisha hufanya kazi kwa mikwaruzo ya chini isiyo na kina, lakini kila mara inakula plastiki, kwa hiyo diski haiwezi kurudishwa huko kila mwaka.

Unyevu wa Entebbe na Kampala hushambulia karatasi kabla ya diski. Vitabu vya maelekezo hupata madoa ya kahawia na kurasa kushikana. Weka makava wima, si kwa kulaliana, ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na gramu 50 hivi za silika jeli ya punje kwa boksi la lita 20. Ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ndiyo rahisi kufuatilia. Ikigeuka, ikaushe kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo huku ukikoroga hadi rangi irudi. Ikiwa nyeusi umeiunguza. Boksi lisiwe juu ya kabati chini ya bati, kwa sababu joto la mchana huko hupinda diski na kulegeza gundi ya DVD, wala lisiwe sakafuni msimu wa mvua.

Andika kila diski kwenye daftari au lahajedwali: kodi ya SLES, ukanda, kama ni toleo la kwanza au Platinum (la kuchapwa tena kwa bei nafuu), kama kitabu kipo, gemu ulizozifungua na kuzithibitisha, bei na tarehe. Piga pia picha ya upande wa chini chini ya tochi. Mikwaruzo ya diski mbili haifanani, kwa hiyo ukimwazima mtu, picha hiyo itakuambia kama aliyoirudisha ndiyo ile uliyompa.